Dk. Williamson: Mtu aliyeutafuta mwamba mama wa almasi

MSAFIRI anayeingia mjini Singida kwa mara ya kwanza hukaribishwa na mawe. Yapo nyuma ya nyumba, kando ya barabara na kwenye kingo za maziwa Singidani na Kindai, mengine yakiwa yamebebana kana kwamba kuna mkono uliyapanga.

Wakazi wa mji huo wameyazoea. Watoto huyapanda na kuteleza juu yake, na wapo watu wazima wanaoyapasua kupata kokoto za kuwauzia wajenzi.

Lakini katika mkoa huohuo, hasa upande wa uwanda wa juu wa Iramba, upo mwamba mwingine ambao wengi hawajapata kuuona, kwa sababu hausimami juu ya ardhi. Mwamba huo huitwa kimbalaiti, nao ndio unaopandisha almasi kutoka tumboni mwa dunia.

Mawe ya mjini na mwamba huo uliojificha ni ndugu. Yote ni miamba ya moto, yaani miamba iliyotokana na uji wa mawe yaliyoyeyuka, ambao wataalamu huuita magma. Kilichowatenganisha ndugu hao ni kina walikotoka, kasi waliyopanda nayo na jinsi kila mmoja alivyopokewa na mvua na jua.

Katika historia ya nchi hii, mtu ambaye maisha yake yanaonyesha vizuri zaidi faida ya kuijua tofauti hiyo ni Dk. John Thorburn Williamson, Mkanada aliyegundua machimbo ya almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, mwaka 1940.

Hakuzaliwa tajiri, na kwa miaka kadhaa Watanganyika na wageni waliomfahamu walimwona kuwa ni mtu anayekimbiza ndoto. Alipofariki dunia mwaka 1958 alikuwa mmoja wa watu binafsi waliomiliki mali nyingi zaidi ya madini duniani.

Kutoka Quebec hadi Afrika

Williamson alizaliwa Februari 10, 1907, katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec nchini Canada. Alisoma katika Chuo Kikuu cha McGill kilichoko Montreal.

Nia yake ya awali ilikuwa kusomea sheria. Safari ya utafiti wa kijiolojia katika eneo la Labrador, alikokwenda na wenzake wakati wa likizo, ilimfanya abadili mawazo na kuyageukia mawe. Mwaka 1933 alitunukiwa shahada ya uzamivu katika jiolojia.

Wakati huo uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka na kazi zilikuwa adimu. Mwaka 1934 kijana huyo alikubali ajira ya utafutaji madini katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Hakukaa huko muda mrefu. Alivuka mpaka na kuingia Tanganyika, akaajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, kusini mwa mji wa Mwanza.

Mabuki palikuwa mahali padogo. Almasi zilipatikana, lakini si kwa wingi wa kuwaridhisha wenye mitaji, na hatimaye kampuni hiyo ilikata tamaa ya kuendelea na kazi. Wengine walifungasha mizigo, Williamson akabaki.

Alichokuwa anakijua

Ili kuelewa kwa nini alibaki, ni lazima kwanza kufahamu jinsi miamba inavyozaliwa na kubadilika.

Magma inapopanda kutoka chini na kukwama ndani ya ardhi, hupoa taratibu sana. Katika upoaji huo wa maelfu, hata mamilioni, ya miaka, chembe za madini hupata muda wa kukua hadi kuonekana kwa macho. Hivyo ndivyo linavyopatikana jiwe la graniti, ambalo pia huitwa itale, lenye vipunje vyeupe, vyeusi na vya rangi ya waridi kama yale yanayoonekana Singida.

Magma inapofika juu na kumwagika kupitia volkano, hupoa haraka na chembe zake hubaki ndogo mno. Jiwe la basalti, jeusi na zito, ni mfano wake.

Kimbalaiti ina njia yake ya peke yake. Huanzia kina cha zaidi ya kilometa 150, mahali ambapo mgandamizo ni mkubwa kiasi kwamba kaboni, kitu kilekile kinachounda makaa, hugeuka kuwa almasi.

Magma hiyo imejaa gesi. Hupanda kwa kasi kubwa kupitia nyufa, na inapokaribia juu hulipuka na kuchimba shimo lenye umbo la faneli, ambalo wachimbaji huliita bomba. Kasi hiyo ndiyo inayoziokoa almasi, kwani zikichelewa njiani katika joto kali huweza kugeuka na kuwa grafiti, yaani kitu kinachotiwa ndani ya kalamu za risasi.

Hapo safari ya mwamba haiishi. Mara baada ya kufika juu, mvua, jua na hewa huanza kuumomonyoa. Vipande vyake husombwa na maji, hutulia mabondeni na maziwani, na hatimaye hushikamana kuwa miamba tabaka.

Miamba hiyo ikifukiwa sana hubanwa na kupata joto hadi kubadilika umbo na kuwa miamba geu. Ikishuka zaidi na joto likazidi, huyeyuka na kuwa magma tena. Huo ndio mzunguko wa miamba, na mzunguko mmoja huweza kuchukua mamia ya mamilioni ya miaka.

Graniti na kimbalaiti hazimomonyoki kwa namna moja. Graniti ni ngumu. Maji hupenya kwenye nyufa zake na kulainisha kingo, udongo uliozunguka husombwa, na kinachobaki ni mawe makubwa ya mviringo yaliyosimama wazi.

Kimbalaiti, kinyume chake, huoza haraka. Juu hugeuka kuwa udongo laini wa manjano, na chini yake hubaki mwamba wa rangi ya kibuluu. Mahali pake huwa tambarare au bonde dogo, na baada ya muda udongo mwingine na changarawe huufunika kabisa.

Kwa maneno mengine, anayetafuta almasi kwa kutazama vilima vya mawe anapotea. Anapaswa kutafuta mahali ambapo hakuna jiwe la kutazama.

Madeni na homa

Williamson alikuwa ameona kwamba almasi chache zilizokuwa zikiokotwa hapa na pale katika nchi ya Usukuma lazima ziwe na chimbuko. Changarawe hazizai almasi. Changarawe huzipokea tu kutoka kwenye mwamba uliooza, baada ya maji kuzisomba.

Kwa hiyo swali lake halikuwa ni wapi pameokotwa jiwe, bali ni wapi lilikotoka. Aliamini kwamba mahali fulani katika tambarare zile lilikuwapo bomba kubwa kuliko lile la Mabuki.

Aliinunua haki ya kuchimba Mabuki na kuitumia kama kituo cha kumpatia fedha kidogo za kuendeshea utafutaji. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha: kuchimba mashimo mafupi katika mistari, kuchekecha changarawe, kisha kuzipekua kwa jicho kutafuta madini yanayosafiri pamoja na almasi.

Madini hayo ni kama ganeti nyekundu na ilimenaiti nyeusi inayong'aa. Yanapatikana kwa wingi zaidi kuliko almasi, na kadiri mtafutaji anavyolikaribia bomba ndivyo yanavyoongezeka. Kwa mtu mwenye ujuzi, ni nyayo za mnyama anayewindwa.

Kazi ya kuchimba na kuchekecha ilifanywa na vibarua Waafrika, wengi wao wakiwa Wasukuma wa maeneo hayo. Majina ya walio wengi hayakuandikwa katika kumbukumbu za mgodi, ingawa bila mikono yao nadharia ya daktari huyo ingebaki kwenye karatasi.

Miaka ikapita bila mafanikio. Malaria ilimshika mara kwa mara, gari lake likachakaa, na madeni yakaongezeka madukani. Alinusurika kwa msaada wa wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, Iqbal Chand Chopra, aliyemkopesha fedha na baadaye akawa mbia wake mwenye hisa.

Mwaka 1939 Vita Kuu ya Pili ilianza, na matumaini ya kupata mwekezaji kutoka Ulaya yakafifia zaidi.

Machi 1940

Simulizi kuhusu siku ya ugunduzi ni nyingi. Wapo wanaosimulia kuwa gari lilikwama matopeni na jiwe likaonekana gurudumu lilipochimba. Wapo wanaosema lilipatikana chini ya mbuyu. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba Machi 1940 almasi ilipatikana Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga, katika ardhi tambarare isiyo na dalili yoyote ya utajiri.

Williamson hakutosheka na jiwe hilo. Alifuata nyayo zake hadi akathibitisha kwamba chini ya changarawe kulikuwa na bomba la kimbalaiti lenye eneo la takriban hekta 146. Hadi leo hilo linatajwa kuwa miongoni mwa mabomba makubwa kuliko yote yaliyopata kuchimbwa kibiashara duniani.

Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa bomba hilo lililipuka yapata miaka milioni 52 iliyopita. Ndani ya mdomo wake yamekutwa matabaka ya mashapo, ushahidi kwamba baada ya mlipuko kulikuwa na shimo lililokusanya maji, likawa ziwa, na ziwa hilo likajaa taratibu kwa vipande vya mwamba uleule.

Hivyo mahali pamoja panaonekana hatua kadhaa za mzunguko: mwamba uliozaliwa kwa moto, ukavunjwa na maji, ukalazwa upya kama tabaka. Sehemu kubwa ya almasi za miaka ya mwanzo ilitoka katika changarawe zilizolifunika na kulizunguka bomba, ambazo maji yalikuwa yamezichuja kwa muda mrefu kabla mchimbaji hajafika.

Mwaka 1942 kampuni ya Williamson Diamonds Limited iliandikishwa. Vita, ambavyo awali vilikuwa kikwazo, viliongeza mahitaji ya almasi za viwandani za kukatia na kusagia vyuma.

Zawadi ya harusi

Mwaka 1947 mgodi ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliamua kuitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo.

Jiwe hilo lilikatwa na kung'arishwa mjini London, likabaki na karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka ambao Elizabeth alitawazwa rasmi kuwa Malkia, liliwekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua iliyotengenezwa na sonara Cartier. Malkia aliivaa katika hafla nyingi hadi miaka ya mwisho ya maisha yake.

Wakati jina la Mwadui likienea duniani, Williamson mwenyewe alizidi kujitenga. Hakuoa. Aliepuka waandishi wa habari, hakupenda safari zisizo za lazima, na muda mwingi alikaa mgodini akifuatilia kazi kwa karibu.

Alijenga mji kamili: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, uwanja wa ndege na mitambo ya umeme na maji. Kwa wengi waliopata ajira hapo, Mwadui palikuwa mahali pa kupata huduma ambazo vijiji vya jirani havikuwa nazo.

Hata hivyo, ulikuwa mji wa kikoloni. Wazungu, Waasia na Waafrika hawakuishi sawa wala kulipwa sawa, na eneo lote lilizungushiwa uzio na kulindwa usiku na mchana. Ardhi iliyolimwa na kuchungiwa na wenyeji ikawa mahali pa kuingia kwa kibali.

Alikuwa pia na mvutano na kampuni ya De Beers, iliyotawala biashara ya almasi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikubali kuuza kupitia mfumo wake, kisha katika miaka ya mwanzo ya 1950 akagoma na kuhifadhi almasi zake akidai masharti bora. Hatimaye pande hizo mbili zilipatana, lakini hakuuza mgodi wake maadamu alikuwa hai.

Kifo na urithi

Saratani ya koo ndiyo iliyomshinda. Williamson alifariki dunia Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50, na kuacha mgodi mikononi mwa ndugu zake.

Mwaka huohuo ndugu hao waliuuza. De Beers ilichukua nusu na serikali ya Tanganyika, wakati huo bado chini ya Uingereza, ikachukua nusu nyingine. Baada ya Uhuru na Azimio la Arusha, katika miaka ya 1970, mgodi ulitaifishwa.

Uzalishaji ulishuka, na mwaka 1994 De Beers ilirejea ikiwa na asilimia 75 ya hisa huku serikali ikibaki na asilimia 25. Mwaka 2009 hisa hizo za asilimia 75 zilikwenda kwa kampuni ya Petra Diamonds. Jina la Williamson, hata hivyo, halikuondolewa mgodini.

Mwamba uliosagwa nao una gharama zake. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la kuhifadhia tope la mgodi ulibomoka, na tope hilo likafunika makazi na mashamba ya vijiji vya jirani. Kilichopanda kwa moto mamilioni ya miaka iliyopita kilirudi juu ya ardhi ya watu kikiwa uji baridi.

Mabomba ya Singida

Ukitoka Mwadui kupitia Maganzo, Shinyanga, Tinde, Nzega na Igunga, barabara huvuka tambarare ya Wembere kisha hupanda mlima Sekenke kuingia Iramba. Hapo msafiri anakuwa amefika mkoa wa Singida, lakini hajatoka juu ya mwamba uleule wa kale, kwani sehemu kubwa ya katikati na kaskazini ya Tanzania imekaa juu ya kitako kimoja cha graniti na miamba geu yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Kitako hicho kinene na baridi ndicho kinachofaa kutunza almasi chini yake. Ndiyo maana watafutaji waliofuata njia ya Williamson walielekeza macho yao Singida pia, na mabomba ya kimbalaiti yakapatikana.

Mwaka 1962, miaka minne baada ya kifo cha Williamson, mwanajiolojia George Mannard aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha McGill, chuo kilekile alikosoma Williamson, tasnifu ya uzamivu kuhusu jiolojia ya mabomba hayo ya Singida.

Mpaka sasa hakuna hata moja kati yake lililozaa mgodi wa kulingana na Mwadui. Jambo hilo si la ajabu. Mabomba mengi ya kimbalaiti duniani hayana almasi za kutosha kulipia gharama za uchimbaji, na ni machache sana yanayofikia kuwa migodi.

Sababu ni ileile ya kina na kasi. Bomba likitoka mahali ambapo almasi hazikuundwa, au magma ikichelewa njiani, mwamba hufika juu ukiwa na ganeti na ilimenaiti lakini mikono mitupu. Nyayo zipo, mnyama hayupo.

Singida imejaliwa kwa namna nyingine. Dhahabu ya Sekenke, iliyochimbwa tangu wakati wa Wajerumani, ilitumika mwaka 1916 kutengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora, wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipoikata koloni hiyo na Ulaya. Dhahabu hiyo iliwekwa kwenye mishipa ya mawe na maji ya moto yaliyopenya katika nyufa za miamba ya kale.

Wachimbaji wadogo wanaoendelea kupekua ardhi ya Iramba na wilaya nyingine za mkoa huo wengi hufuata fununu: pameonekana jiwe, watu wanahamia, mashimo yanachimbwa, kisha wanahama tena. Williamson naye alikuwa maskini mwenye madeni kama wao. Alichowazidi ni elimu ya miamba, iliyomwezesha kuuliza jiwe limetoka wapi na kulifuata hadi kwa mama yake.

Na mawe yaliyozunguka maziwa Singidani na Kindai nayo hayajatulia. Yalipoa kilometa kadhaa chini ya ardhi, na kuonekana kwake leo ni ushahidi kwamba vyote vilivyoyafunika vimekwisha kusombwa. Kila msimu wa mvua chembe chache hung'oka, huteremka hadi majini na kutulia chini ya ziwa, zikisubiri kuwa mwamba mwingine.